Mkufu wa Fataki wa Mzee Lau

Furaha, wewe na wenzako wa stoo mpya mmenitaka niandike, na nimekubali kwa sababu moja tu: sina la kufanya. Leo ni wiki ya sita tangu nistaafu. Nyumba nimeipangua na kuipanga upya, mapazia nimeyafua mara mbili, na mwanangu Rahma akinipigia simu kutoka Manchester huniuliza kwa Kiingereza kama nimekula. Basi naandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa tukisemeshana, nyie na chenu cha Bukavu kilichojaa Kifaransa, mie na changu cha Pemba mnachosema ni cha kuimba. Ya vyeo na mishahara siyagusi. Cheo changu mnakijua, na mshahara wangu hauwahusu.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mume wangu alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, Rahma yuko skuli ya msingi, na sisi wawili tunakaa Tottenham, hapa London, ghorofa ya nne kwenye jengo la kaunsili, yaani la halmashauri ya mji, ambalo lifti yake ilikuwa ikifanya kazi siku inayotaka yenyewe. Nilikuwa nikisafisha maofisi alfajiri. Bibi mmoja wa msikitini akaniambia kuna Wachina huko Stratford wanatafuta mtu wa kufunga bidhaa. Bidhaa gani, hakusema. Nikaenda. Nikatembea kando ya mfereji mpaka nikaona jengo la matofali lenye vyumba vidogo vidogo, kila kimoja mbali na mwenzake, kuta nene kama za ngome lakini paa jepesi la banda la kuku. Nikasema moyoni, hawa nao, ukuta wamejenga, paa wameona uvivu. Baadaye nilielezwa kwamba paa limewekwa jepesi kusudi. Kikitokea cha kutokea, moto upande juu, usiende kwa jirani.

Mlangoni alisimama mzee mfupi, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Kabla ya salamu akanyoosha mkono, akashika ncha ya shungi langu kwa vidole viwili.

"Nailoni," akasema. "Rudi nyumbani."

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawasha. Nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha siku zile, kwamba kwetu mtu mzima hamshiki mwanamke asiyemjua shungi lake, awe Mchina au awe nani. Akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa, akaniomba radhi. Kisha akanieleza taratibu kwamba nguo ya nailoni ikijisugua hutoa cheche ambayo mtu haioni, na nyuma ya mlango ule kuna baruti ya kutosha kuniondoa mimi, yeye na daraja la reli.

Kesho yake nikaja nimejitanda kanga. Safari hii hakunigusa. Aliitazama kwa mbali, akauliza, "Pamba?" Nikamwambia pamba tupu. Akafungua mlango. Huyo ndiye Mzee Lau, aliyenifundisha kazi yote ninayoijua. Neno "Mzee" nililianzisha mimi, na nilipomweleza kwamba si tusi bali ni heshima, alilipenda akawa hataki kuitwa vingine. Yeye akaniita Bi Zuhura, na alilitamka jina langu vizuri kuliko Waingereza wote niliowahi kufanya nao kazi.

Mambo ya kazi mnayajua, lakini nataka mjue tuliyafanya hivyo tangu zamani, si kwa kuogopa wakaguzi. Kabla ya kuingia unagusa bamba la shaba lililopigiliwa mlangoni, cheche za mwilini ziishie humo. Viatu havina msumari. Ufagio ni wa katani, koleo ni la mbao, nyundo ni ya mbao. Mlio wa chuma kugonga chuma sikuusikia mle ndani miaka yote ile. Asubuhi kitu cha kwanza ni kusoma kipimo cha unyevu, hata kama umekuja na msiba. Na nje ya kila chumba kuna pipa la bluu limejaa maji. Fataki iliyochanika, iliyolowa, iliyovuja unga, au isiyojulikana imetoka wapi, inazamishwa humo siku mbili mpaka karatasi iwe uji. "Kisicho na lebo, majini," alikuwa akisema. "Usiulize, usinuse, usitikise. Majini." Alilisema mara nyingi hata nikawa nalisema nikikuta mtungi usio na jina kwenye kabati langu la jikoni.

Saa ya chai ndiyo ilikuwa skuli yangu. Tulikaa kwenye kibanda cha kuwekea makoti, hatua hamsini kutoka stoo, yeye na chupa yake ya chai isiyo na sukari, mimi na yangu yenye hiliki. Alitoka Hunan, kijiji ambacho kila nyumba inatengeneza fataki. Mama yake alikaa kwenye benchi tangu jua kuchomoza akizungusha karatasi juu ya kijiti, mrija baada ya mrija, maelfu. "Kwetu hii ni kazi ya wanawake," aliniambia. "Wanaume wana haraka. Waliokuwa na haraka tuliwazika."

Siku moja aliniambia baruti ni vitu vitatu tu: shura, ile chumvi nyeupe ya kuwakia, makaa, na ule unga wa manjano. Nikamwambia huo wa manjano sisi tunauita kibiriti upele, na Pemba wazee walikuwa wakiusaga, wakautia mafuta ya nazi, wakatupaka watoto tuliokuwa na upele mpaka tukanuka kama yai viza. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema hata kwao ulianza hivyohivyo, ulikuwa dawa. Zamani sana watawa wao walikuwa wakiwatafutia wafalme dawa ya kutokufa. Wakachanganya hiki na kile, wakapika, wakaunguza ndevu, mikono, na nyumba yenyewe. Ndiyo maana mpaka leo kwa Kichina baruti inaitwa dawa ya moto.

"Walitaka mtu asife," akasema. "Wakapata hii."

Kitu kilichomuudhi kuliko vyote ni mtu kusema Wachina waliichezea baruti tu, wakaitia kwenye fataki za watoto, na Wazungu ndio walioigeuza silaha. Dereva mmoja wa lori aliwahi kulisema hilo mbele yake. Mzee Lau akamwekea darsa pale pale, lori linanguruma. Akamtajia mishale iliyofungwa baruti, mianzi iliyotema moto usoni mwa adui, vyungu vya chuma vilivyorushwa juu ya kuta za miji. "Tuliua watu vizuri tu," akamwambia. "Usitudharau." Dereva akatia saini karatasi zake akaondoka mbio.

Lakini mwenyewe hakupenda habari za vita. Alipenda kunieleza namna watu wa kawaida walivyoishi na baruti. Kabla haijakuwapo, watu walitupa mianzi mibichi motoni ili ipasuke na kuwafukuza mashetani. Baadaye wakaona mrija wa karatasi wenye baruti unapasuka vizuri zaidi. Basi ukawa wa kila jambo: mwaka mpya, harusi, duka jipya, mtoto wa kiume, jeneza likitoka mlangoni. Wakaitumia kupasulia majabali na kufungulia njia milimani. Halafu zikaja meli za Waingereza na mizinga iliyopita ya kwao, wakapigwa kwa dawa waliyoivumbua wenyewe. Nikamwambia sisi Visiwani mizinga tunaijua, ilikuwa ikilia kutuambia tufuturu na kesho ni Idi, na ya Waingereza haohao imewahi kutulilia kwa mengine, siku walipolipiga jumba la Sultani. Akatikisa kichwa. Hapo hatukuhitaji kuelezana.

Nisije nikawadanganya kwamba ilikuwa kazi ya hadithi. Mwaka mmoja lilikuja kontena lililoingia maji ya bahari. Ilibidi tulipakue katoni moja moja, mimi na yeye, kwa siku tisa, mvua inanyesha, hatuwezi kuwasha hita wala kuvaa koti la nailoni. Vidole vyangu viwili vya kushoto mpaka leo havipendi baridi. Siku ya tisa nilikaa juu ya ndoo nikalia, si kwa sababu ya vidole, ni kwa sababu nilikuwa na homa na nilijua nikirudi nyumbani hakuna wa kuniuliza. Mzee Lau akanimiminia chai yake isiyo na sukari. Ilikuwa mbaya sana. Nikainywa yote.

Na Novemba, mwezi ambao Waingereza hurusha fataki nchi nzima. Nyie mnaipenda Novemba kwa sababu kuna pilikapilika. Mie nilikuwa naiogopa. Nikirudi Tottenham na basi, mbingu yote inawaka, watu wamebeba watoto mabegani, wanaelekeza vidole juu. Nilijua jina la kila kinachopasuka kule juu, na kimetoka chumba gani, na nani amekifunga. Sikuwa na wa kumwambia. Rahma alipokuwa mdogo nilimwambia yeye, alipokuwa mkubwa akaniambia, "Mum, please, just watch." Kisha akaenda chuo, kisha Manchester, akapata mume huko. Nikabaki na vyumba viwili.

Hapo ndipo mimi na Mzee Lau tukawa zaidi ya watu wa saa ya chai. Alikaa peke yake katika chumba cha kaunsili si mbali na stesheni ya Stratford. Mke alikuwa amemfia Hong Kong kabla hajaja huku, mtoto hakupata. Mwezi wa Ramadhani nilimpelekea kaimati, mwaka mpya wao akaniletea machungwa kwa mikono miwili. Bibi wa msikitini aliyenitafutia kazi akasikia, akaniuliza kama natafuta mume wa Kichina. Nikamwambia natafuta mtu wa kumwambia habari za leo na akanijibu.

Ilikuwa katika saa ya chai ya kawaida kabisa aliponiomba. Tulikuwa tumeshamaliza miaka kumi pamoja, na kifua chake kilikuwa kimeanza kupiga filimbi akipanda ngazi.

"Bi Zuhura, mimi sina mtoto," akasema. "Nataka wewe uniwashie."

Sikumwelewa. Akanieleza. Mama yake alipozeeka alijitengenezea mkufu wa fataki za kumsindikizia siku ya maziko yake, mirija myekundu mia moja imefungwa kwenye uzi mmoja, kila mmoja ameuzungusha kwa mkono wake. Lakini alikufa katika miaka ambayo serikali yao ilikuwa imekataza mambo yote ya kale. Majirani waliogopa. Akazikwa kimya, mwanamke aliyewatengenezea watu kelele maisha yake yote. Mzee Lau alikuwapo, kijana mwenye nguvu zake, na kiberiti mfukoni, na hakuthubutu. Akauficha ule mkufu. Akavuka nao mpaka Hong Kong, akaja nao London.

"Niwashiwe mimi," akasema. "Tutakwenda nao wote wawili, mimi na mama."

Nikamwambia mie ni Muislamu. Kwetu maiti husindikizwa kwa utulivu, hata kilio cha juu tunakizuia, sembuse baruti. Akasema, "Sikuombi uamini. Nakuomba uwashe." Nililala siku mbili na jambo lile. Siku ya tatu nikamwambia nitawasha, inshaallah. Akaniuliza inshaallah ni ndiyo au hapana. Nikamwambia ni ndiyo. Akasema mkufu uko nyumbani kwake, mahali pakavu, na siku ikifika nitauona. Sikuomba kuuona kabla. Niliona si adabu.

Miaka miwili mitatu ikapita. Mwenye kampuni, Mchina aliyetuajiri, akastaafu, akamwachia kazi binti yake, Bi Mei, mnayemjua. Wakati ule alikuwa bado msichana, anaelewa Kichina lakini anajibu kwa Kiingereza, kama Rahma wangu. Sheria nazo zikakazwa. Vile vifataki vidogo vya kupasuka vilikuwa vimeshaondolewa madukani zamani, na sasa wakawa wanataka kila kitu ndani ya stoo kiwe na karatasi zake, kimetoka wapi, kina uzito gani. Mkaguzi akikuta kitu kimoja kisicho na lebo, leseni imo hatarini, na leseni ikienda, kazi za watu wote zimekwenda.

Wiki ya ukaguzi mkubwa ndiyo wiki Mzee Lau alipolazwa. Alikwenda hospitali kupima kifua, wakamzuia. Kwa mara ya kwanza stoo ikawa mikononi mwangu. Nilikwenda mapema, nikapita chumba kwa chumba. Cha nne, juu ya rafu ya nyuma, nyuma ya maboksi matupu, nikakuta kopo la biskuti. Nikalifungua. Ndani kuna gazeti la Kichina lililogeuka rangi ya chai, na ndani ya gazeti mkufu mwekundu wa fataki, wa zamani, hauna lebo, hauna namba, hauna karatasi.

Nitawaambia kweli. Moyo uliniambia ngoja. Lakini nilijua mkufu wa Mzee Lau uko nyumbani kwake, alishaniambia mwenyewe, na nilijua yeye si mtu wa kuweka kitu kisicho na lebo katika stoo aliyoilinda kama kibla. Nikadhani ni sampuli ya miaka ya nyuma iliyosahauliwa. Na gari la mkaguzi lilikuwa limeshasimama getini. Mkono ukafanya ulichofundishwa. Nikauzamisha wote katika pipa la bluu, nikaubana chini kwa mwiko wa mbao, na maji yakawa mekundu.

Mkaguzi akaingia, akapekua, akasifu, akaondoka. Mchana Bi Mei akafika mbio, akaingia chumba cha nne peke yake, akatoka. "Everything okay, Zuhura?" Nikamwambia okay, tumepita. Akanitazama kidogo, akasema vizuri, akarudi ofisini.

Saa ya kufunga ndipo nilipookota kifuniko cha lile kopo kwenda kukitupa. Kwa ndani, kwa kalamu nene, kwa zile herufi kubwa kubwa alizokuwa akiandikia katoni, Mzee Lau alikuwa ameandika: ZUHURA.

Nilikimbilia pipani. Nikatia mikono yote miwili. Karatasi ile kuukuu haikungoja siku mbili, kilichotoka ni uji.

Kwa nini aliuleta stoo, nilikuja kuambiwa na yeye mwenyewe, Jumapili iliyofuata nilipokwenda kumwangalia wodini. Chumba chake kilikuwa kimeanza kuvuja ukutani, kaunsili wanasema watakuja na hawaji, akaogopa unyevu. Akauhamishia mahali pakavu kuliko pote anapopajua. Hakuniambia kwa sababu aliona haya, yeye na masharti yake, kuvunja sharti lake mwenyewe.

"Uko kwenye kopo la biskuti, chumba cha nne," akasema. Mrija wa hewa ulikuwa puani. "Umeuona?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema ukweli. Njia nzima kwenye basi nilikuwa nikiyapanga maneno. Nikamtazama, mikono yake juu ya shuka, midogo, imelala.

"Nimeuona," nikasema.

"Mkavu?"

"Mkavu."

Akafumba macho, akasema vizuri. Nikamenya chungwa nikampa.

Ikawa ndiyo hali yetu. Kila Jumapili, baridi nzima ile, nilipanda basi na kibakuli cha chakula kwenye mfuko. Nilimpa habari za stoo, nilimsomea kipimo cha unyevu cha wiki nzima kama mtu anayesoma barua, akanisahihisha nilipokosea. Kisha, kabla sijaondoka, huniuliza. "Mkavu?" Nami hujibu mkavu. Kila Jumatatu niliapa kwamba Jumapili ijayo nitasema. Nilimsomea hata Mungu wangu kiapo hicho. Jumapili ikifika, nikimwona amegeuza kichwa mlangoni kunisubiri, nafungua kibakuli. Wauguzi waliniuliza kama mimi ni ndugu yake, kwa sababu zaidi ya Bi Mei hawakumwona mtu mwingine akija. Nikasema ndiyo. Huo nao ulikuwa uongo, lakini ule haukuniuma.

Nilijaribu kutafuta njia. Nilimwandikia muuzaji wetu wa Hunan kuomba mkufu kama ule, akajibu hawatengenezi tena kwa mkono, na hata ungekuwapo usingeingia nchini. Na hata ungeingia, usingekuwa wa mama yake.

Alikufa siku chache baada ya mwaka mpya wao. Nilikuwa nimemwona Jumapili. Hakuweza kusema sana siku ile, lakini aliniuliza, na mimi nilimjibu.

Tulimzika asubuhi ya upepo, katika makaburi ya mashariki huku, watu watano: mimi, Bi Mei, wazee wawili wa klabu yao ya Kichina, na mchimbaji. Makaburini walikuwa wamekataa kitu chochote cha kuripuka, kwa barua. Bi Mei akaja na redio ndogo ya kaseti. Akaniambia siku hizi hata China, katika miji mikubwa walikopiga marufuku fataki, watu huweka kaseti ya mlio wake. Akaiweka juu ya majani, akabonyeza. Betri zilikuwa karibu kwisha. Ule mlio ulianza kwa kasi, kisha ukapungua, ukawa kama mtu anayegonga mlango taratibu, anangoja, anagonga tena. Wale wazee wawili wakainamisha vichwa. Mmoja aliziba masikio kwa heshima, kama vile baruti ni ya kweli.

Mimi nilishindwa. Nilimshika Bi Mei mkono nikampeleka pembeni, kwenye njia ya kokoto, nikamwambia yote kwa mara moja, chumba cha nne, kopo, pipa, kifuniko, na Jumapili zote zile. Nililia mbele ya msichana anayeweza kuwa mwanangu. Nikamwambia nimemzika mtu na uongo wangu.

Bi Mei alizima redio kwanza. Kisha akasema, "Zuhura, he knew."

Mzee Lau alikuwa amempigia simu kutoka wodini asubuhi ile ya ukaguzi. Alimwomba akimbie akalichukue kopo la biskuti kabla mkaguzi hajafika. Bi Mei akachelewa njiani. Alipoingia chumba cha nne akaikuta rafu tupu, na alipotoka akayaona maji mekundu pipani. Kesho yake alikwenda hospitali akamwambia. Kwa hiyo ile Jumapili ya kwanza, aliponiuliza, alikuwa ameshajua siku tatu nzima.

"Nilitaka nizungumze na wewe," Bi Mei akasema. "Akanikatalia. Alikasirika siku moja, hakula. Siku ya pili akaniambia ulifanya sawasawa, kitu hakikuwa na lebo. Halafu akaniambia nisikwambie kamwe kwamba anajua."

Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini alikuwa akiniuliza kila wiki.

"Ili uone kwamba hajui," akasema. "Alisema ukijua kwamba anajua, utaona haya, hutakuja tena. Na asipokuja Zuhura, akasema, nani atakuja?"

Wale wazee wawili walikuwa wameshaanza kuelekea getini. Mchimbaji alikuwa akisubiri tuondoke ili amalize kazi yake. Nilisimama pale kwenye kokoto nikitafuta namna ya kumwambia kwamba Mzee Lau alikosea, kwamba mimi ningekuja tu, haya au si haya, Jumapili zote mpaka ya mwisho. Lakini mzee yule alinifundisha kazi kwa miaka kumi na zaidi, na alinijua.

Nisingekuja.